Matawi Tuliyoyaacha Kwenye Kona

Nasinzia kwenye kiti cha mbele, kichwa nimekiegemeza kwenye kioo kinachotetemeka, na mke wangu Tusajigwe ndiye anayeendesha, kwa sababu ni zamu yake na kwa sababu hatusemezani. Ni siku ya tano ya fungate yetu. Wengine huenda hotelini. Sisi, walimu wawili tuliohitimu juzi, wenye gari kuukuu la mjomba, tumechagua kuiona nchi: kutoka Tukuyu tulikofunga ndoa, kupita Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, mpaka Mpanda, ambako Tusajigwe ataanza kufundisha Jumatatu. Shangazi yake alicheka alipotuaga. Fungate gani ya kula vumbi, alisema, mtafika mmenuniana. Saa moja iliyopita tairi lilipasuka kwenye kona, katikati ya msitu, nami nikavunja matawi ya miombo nikayalaza barabarani mafungu mafungu, kama anavyofanya kila dereva wa nchi hii, ili anayekuja ajue kuna gari limekwama mbele. Mbung'o walituuma mpaka kwenye kope. Tulipomaliza kufunga tairi la akiba nikasema twende. Matawi je, akauliza Tusajigwe. Nikasema yatakauka yenyewe. Akasema, Ambwene, mtu atayakwepa hapo konani, aingie upande usio wake, na gari lenyewe halipo. Nikamwambia ingia garini, tunaliwa na wadudu. Mimi, niliyesimama mbele ya darasa zima mwaka wa mwisho nikasema nchi hujengwa na mtu anayeokota kitu wakati hakuna anayemtazama. Aliingia. Sasa kope zangu zinakuwa nzito, lami inanguruma chini ya nyayo, na mstari mweupe wa katikati unainuka barabarani, unapita kwenye kioo bila kukivunja, unanipitia kifuani kama uzi unavyopita kwenye shanga, nami naufuata.

Barabara ni ileile lakini haina mwisho wala vivuli. Jua limesimama utosini na halisogei. Tusajigwe bado ameshika usukani, kitenge alichonunua Tunduma kimemfunika mabega, lakini kila tunapopanda kilima tunakuta kilima hichohicho kikitusubiri, na nyuma yetu, nikigeuka, barabara ni nyeusi kwa mbung'o, wametanda juu ya lami kama kitu kilichomwagika. Usigeuke, anasema Tusajigwe. Ni neno lake la kwanza tangu konani na ninalishukuru. Tunafika kwenye kizuizi. Mnyororo umekatiza njia, na kando yake amesimama mtu aliyevaa koti la mvua chini ya jua lile, na mahali pa uso wake pamelainika kama kitako cha sahani. Habari za kazi, mzee, nasema, maana adabu ndiyo niliyokuja nayo. Anainama dirishani, naisikia sauti yake ikitoka mahali ambapo hapana mdomo. Kitendawili. Najikuta nacheka, nikikumbuka jikoni kwa bibi, nami najibu, tega. Anasema, nimemwacha njiani mlinzi asiye na kinywa, na kila apitaye anamdanganya. Kicheko kinanikauka. Jibu ninalijua kabla hajamaliza. Lakini yeye anaongeza, polepole, kama anayesoma tangazo: atakayejibu ataliendea jibu lake, kwa miguu, kule alikotoka. Natazama nyuma, kule kweusi kunakovuma. Nimeshindwa, nasema. Tusajigwe ananigeukia. Basi nipe mji, anasema mlinda kizuizi. Mchezo ndivyo ulivyo, tangu utotoni umekuwa hivyo, anayeshindwa hutoa mji na hakuna mji uliowahi kupungua kwa sababu yake. Chukua Tunduma, nasema. Naye anasema, nimekwenda Tunduma, nimekula, nimekunywa, watu wake wote wamenipa mkono, na sasa si yako. Mnyororo unaanguka. Tunapita, na mabega ya Tusajigwe yako wazi. Kitenge chako kiko wapi, namuuliza. Kitenge gani, anasema.

Kilima, na kilima tena, na baada ya kilima kuna mji ambao upande wake wa kushoto ni upande wake wa kulia: duka hili linatazamana na duka hilihili, kinyozi anamtazama kinyozi, bati lenye kutu linatazama kutu yake, na maandishi ya vibao yanasomeka kutoka mwisho kwenda mwanzo. Watu wanatoka milangoni wawili wawili, wa huku na wa kule, na nyuso zao zote ni laini. Wanalizunguka gari. Wanaligonga kwa vifundo vya vidole, si kwa nguvu, kama mtu anayepima papai. Ndio wao hawa, anasema mmoja. Ndio, anasema wa pili wake, ona walivyonawiri. Mwanamke mwenye karai la mihogo anaweka kichwa chake laini kwenye kioo cha Tusajigwe na kusema, bibi harusi, huyo uliyempakia anakujua? Ni mume wangu, anasema Tusajigwe. Wanacheka, na kicheko kinatoka upande wa pili wa barabara. Mume, mwali wetu? Mume anayekupigia kelele porini? Leo anaacha matawi, kesho ataacha nini? Naomba radhi mbele yao. Nawaambia mimi si mtu wa namna hiyo, nilichoka, niliumwa na mbung'o, nina moyo mzuri, muulizeni yeye. Moyo wako tunao, anasema mwanamke wa mihogo, ni ule pale konani, umelala barabarani. Na yule wa koti la mvua anatokea kati yao, sijui tulimwacha vipi nyuma akafika mbele. Kitendawili, anasema. Sijibu. Kitendawili, wanasema wote, wa huku na wa kule. Tega, nasema kwa sauti ndogo. Ni kilekile. Nimemwacha njiani mlinzi asiye na kinywa, na kila apitaye anamdanganya. Chukua Sumbawanga, nasema haraka, ili tupite tu. Haitoshi, anasema, hapa mko wawili na kila kitu ni viwili. Basi chukua na Mbeya. Nimesema nini? Mbeya ndiko chuoni. Mbeya ndiko Tusajigwe alikonikuta nimekaa kwenye ngazi za maktaba nikilia kwa sababu ya mtihani, akanipa nusu ya chapati yake bila kuniuliza jina. Nimekwenda Mbeya, anasema yule wa koti, nimeketi kwenye ngazi zake, nimepewa chapati, na sasa si yako.

Tunaendesha. Yaani yeye anaendesha. Mji uko nyuma, kisha uko mbele, kisha hauko. Namuuliza Tusajigwe, unaikumbuka ile chapati? Anatabasamu kwa heshima, kama mtu anayetabasamia utani wa mgeni. Pole, anasema, umeanza kuona njaa? Mama katuwekea ndizi huko nyuma. Angalau anasema katuwekea. Ninalishika hilo "tu" kama mtu anayeshika tawi mtoni. Nageuka kuchukua ndizi, na kwenye kiti cha nyuma, kando ya mkungu, ameketi yule mtu, koti lake linadondosha maji ingawa hakuna mvua popote. Bado miwili, anasema. Mpanda unakokwenda na Tukuyu ulikotoka. Namwambia, ndugu yangu, tuhurumie, sisi ni watoto wa watu, tunakwenda kufundisha. Ananijibu, mwalimu asiyejibu swali moja? Namwambia, nipe kingine, chochote, nitakijibu. Sina kingine, wewe ndiye uliyekitunga. Nyuma ya kichwa chake, kwenye kioo, mbung'o wamekaribia mpaka nasikia mbawa zao, na kabla sijafikiri, mdomo umekwisha sema. Tukuyu.

Injini inavuma kwa mbali. Nimekwenda Tukuyu, anasema, na safari hii anasema kwa upole, kana kwamba hata yeye anaona haya. Nimekuta mvua. Nimekuta bibi harusi kavua viatu kwa ajili ya matope, kaingia kanisani miguu mitupu, na mchungaji akasema waacheni viatu nje, ndoa ni ya miguu. Nimekula wali. Sasa si yako. Gari linapunguza mwendo. Tusajigwe anaegesha pembeni, taratibu, anawasha taa za hatari kama alivyofundishwa, anaweka mikono yote miwili magotini. Kidole chake hakina pete. Ananitazama, kwa macho yaleyale, kwa ukarimu uleule aliokuwa nao kabla hajanijua. Kaka, anasema, samahani, nadhani nimekupitiliza. Ulisema unashukia wapi?

Nataka kusema jina lake na ninaogopa atauliza nimelijuaje. Nasema, dada, wewe unakwenda wapi? Mpanda, anasema, na uso wake unachangamka, nimepangiwa shule, naanza Jumatatu, wanasema darasa la kwanza wako mia na kumi na mwalimu hakuna, basi nimewanunulia chaki za rangi. Kumbe chaki bado ziko miguuni pake, boksi lile tulilobishana dukani kama linahitajika. Nyuma yetu yule mtu anajongea mbele mpaka uso wake laini uko kati ya bega langu na bega lake. Kitendawili, anasema. Na Tusajigwe, asiyejua mchezo huu umefikia wapi, anacheka kama mtoto na kujibu kwa niaba yangu. Tega. Anatega. Tusajigwe anakunja paji la uso, anafikiri kweli, anataka kunisaidia. Kigumu, kaka, ananiambia, lakini usimpe mji hivihivi, jaribu kwanza. Naona sasa kwamba mji uliobaki si wangu kuutoa. Una watoto mia na kumi ndani yake. Una yeye ndani yake, hata kama mimi simo. Nasema, ni matawi. Nasema tena kwa sauti, matawi, matawi niliyoyalaza kwenye kona nikayaacha, ni mimi. Yule mtu anavuta pumzi ndefu, sijui kwa pua ipi. Basi yaendee, anasema. Nafungua mlango. Nenda salama, kaka, anasema Tusajigwe, nami nasema, asante kwa lifti.

Natembea. Mbung'o wananifunika mpaka sioni mikono yangu, wananiuma kila hatua, na kila hatua ni kilima, na jua halisogei, na mji unaojitazama unanipita ukinizomea pande mbili, huyo mwenye moyo mzuri, huyo, nami natembea, mpaka napaona: kona, mafungu matatu, majani yake bado mabichi. Napiga magoti kwenye lami. Natupa tawi la kwanza porini. Natupa la pili. Utomvu unaganda viganjani. Ninapolivuta la tatu nasikia gari likija kwa kasi, naliona linakwepa, linaingia upande usio wake, upande nilipo mimi, na kwenye kiti cha mbele kuna kijana amelala, kichwa kimeegemea kioo, na anayeendesha anafumbua kinywa kuniita jina langu.

Nashtuka, shingo imelowa. Tusajigwe anaendesha. Mbung'o mmoja anatambaa kwenye kioo. Geuza gari, namwambia. Ananitazama. Matawi, nasema, nisamehe, tukayaondoe. Haulizi mara mbili. Anageuza palepale, na kwa nusu saa tunarudi njia ileile. Tunafika kwenye kona. Hakuna kitu barabarani. Hata jani. Labda kuna mtu aliyepita akayaondoa, anasema, watu wema wapo. Nashuka. Naukaribia mti niliouvunja na kuuzunguka wote, na haujapungukiwa tawi hata moja, wala nyasi tulipoweka jeki hazijalala. Nafungua viganja vyangu. Ni vyeusi kwa utomvu, vidole vinanatana. Tusajigwe amesimama kando ya mlango, anafukuza mbung'o kwa mkono, mkono wa kushoto uko nyuma yake na siuoni. Jua liko utosini. Tusa, namwita, tulifunga ndoa wapi? Anatabasamu, lakini anachelewa kidogo. Unanitegea kitendawili? Nakutegea. Anatazama barabara ya huku, anatazama barabara ya kule, paji la uso linakunjika, anafikiri kweli, anataka kunifurahisha. Kisha anafumbua kinywa, nami ninakimbia kuvuka lami kumfikia, nikisema, chochote utakachosema, mke wangu, sema polepole, fikiri mpaka jioni ukitaka, ila usinipe mji.