Ndoo ya Kuku Iko na Kiti

Kitendawili. Nakutegea wewe, usitazame pembeni: kisima changu hakina ukingo, na ng'ombe mwenye kiu akifika anarudi na kiu yake. Umeshindwa? Basi nipe mji. Jibu ni bahari.

Susu Mbithe, nyanya mmoja wa Kitengela, aliwategea watoto wake kitendawili hicho, akaja akawategea wajukuu, na wote walikipata. Lakini yeye mwenyewe, hiyo bahari hajawahi kuitia machoni.

Sasa Jumamosi moja alikuwa sebuleni kwa binti yake Ndunge, anachagua maharagwe kwa ungo, naye Ndunge yuko na daftari anapanga safari. Wataondoka Ijumaa alfajiri, walale Shimoni, kule pwani. Kesho yake wapande mashua mpaka Kisite, ile mbuga ya majini, waone kasa na pomboo, na Jumapili warudi. Susu akatega sikio, anangoja jina lake. Gari ni ya viti saba. Muteti, bwana wa Ndunge, ataendesha, Ndunge akae kando yake, watoto wanne nyuma. Na kiti cha saba, Ndunge akasoma bila kuinua kichwa, ni cha ndoo ya kuku wa kukaanga, isije ikamwagika.

Kuku wenyewe ni wa nani? Ni wa Susu. Amewalea tangu wakiwa vifaranga, usiku wa baridi anawawashia jiko.

Susu akaweka ungo chini. "Yaani kuku wangu wanaenda baharini, na mimi nabaki kuchunga banda tupu?"

Ndunge akasingizia miguu. Susu akamwambia miguu ni hii hii inayopeleka trei za mayai sokoni kila Jumanne, na hakuna siku imelalamika. Ndunge akahamia kwa jua la pwani. Susu akamuuliza kama hapa Kitengela wanakaa kwa friji. Ndunge akajaribu mashua, ati inayumba sana.

"Nilivuka Mto Athi na wewe mgongoni, maji yamenifika kifuani," Susu akasema. "Usinifundishe kuyumba. Nani alisema mimi siendi?"

Macho ya Ndunge yakamponyoka yakaenda kwa mlango wa jikoni.

Huko jikoni alikuwa Muteti. Miaka kumi na mbili tangu amuoe Ndunge, hajakaa chumba kimoja na mama mkwe wake hata dakika tano. Ndiyo nthoni hiyo, heshima ya Wakamba: mkwe na mama mkwe hawali pamoja, na wakionana njiani mmoja anakata kona. Susu akija huikohoa kabisa hiyo heshima, tangu getini, ili Muteti asikie apate nafasi ya kutokea nyuma. Lakini leo mbwa walibweka, kikohozi hakikusikika, na mwanaume wa watu akanaswa jikoni na kikombe cha chai.

Susu akafunga leso kiunoni. Miaka kumi na mbili ametunza heshima ya nyumba hii, na malipo yake ni kupokonywa kiti na ndoo. Akapaza sauti, ivuke ukuta.

"Nauliza mara ya mwisho, na nikitoka hapa bila jibu, hampati kuku wangu hata mmoja. Nani alisema siendi?"

Jikoni kikombe kikawekwa juu ya meza. Mlango haukufunguka, ila sauti ilitoka.

"Ni mimi, mama," Muteti akasema. "Huko watu wanavua nguo ndio waingie majini. Niliona aibu utaniona. Lakini nilikosea, ilifaa nikuulize. Ndoo nitaifunga juu ya gari, wewe ukae kile kiti cha nyuma kabisa. Na mimi nitaogelea na shati na suruali ndefu, samaki wakitaka kucheka, wacheke."