Alama Nyekundu Ukutani

Elizabeti hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Mgeni akilipa chumba kwa noti mpya, ataikunjua, ataimulika juani, ataisugua kwa kidole gumba, ndipo amwambie karibu. Gesti yake iko Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, vyumba vichache vyenye neti na feni, na wageni wake wengi ni madereva wa malori na utingo wao. Mtaani walimwita Mama Goodhope, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na waliowahi kubishana naye walimwita majina mengine akiwa hayupo.

Basi asubuhi moja akatoka na ufagio wake, akakuta ukuta wa mbele umepakwa mshale mwekundu, mrefu kama mkono, na namba pembeni.

"Tomasi," alimwita mumewe, "njoo uone walichotufanyia."

Tomasi alikuja na mswaki mdomoni. Alikuwa dereva wa malori enzi zake, na tangu astaafu alikuwa hana haraka na jambo lolote. Akautazama mshale, akatema povu.

"Wa barabara wakitaka kubomoa wanaweka X," alisema. "Hawa ni wa ule mradi wa maji. Walipita jana ulipokwenda sokoni. Wakaipiga nyumba picha pia."

"Wakaipiga picha, na wewe ukawaacha?"

"Niliwaambia wasubiri nivae shati."

Hapo ndipo lazima uijue habari ya friji, maana bila friji huwezi kumwelewa mama huyu. Zamani kidogo Elizabeti alikopa kwenye kampuni moja ya mikopo, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza kausha damu. Bwana mkopo alikuja mpole, akanywa soda, akalipiga picha friji la wageni, kisha akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akatia doa ubavuni mwa friji. Elizabeti alipouliza, aliambiwa, "Ni utaratibu tu, mama, lisije likabadilishwa." Marejesho yalipochelewa, wakaja na guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Friji likabebwa mchana kweupe, na vinywaji vya baridi ndani yake, na dereva mmoja aliyekuwa anasubiri soda akaomba atolewe ya kwake kwanza. Aibu ile Elizabeti hajaimaliza mpaka leo.

Sasa jumlisha mwenyewe. Picha, rangi nyekundu, na huo mradi kila mtu alikuwa anasema umeletwa na mkopo wa nje. Elizabeti alijumlisha pale pale, ufagio ukiwa mkononi. Gesti ndiyo ilikuwa kila kitu alichobakiwa nacho, na ilikuwa imeshawekwa doa.

Siku watu wa mradi walipoitisha mkutano wa mtaa, alikwenda mapema, akakaa mstari wa mbele. Aliyekuja kuzungumza ni kijana wa mradi aitwaye Onesphory, ofisi yake iko Kilosa, mtaratibu, viatu vimejaa vumbi. Akawaamkia wakubwa shikamoo, akaeleza. Maji yatatoka kwenye chemchemi za milimani, yatashuka kwa bomba hadi tangi kubwa, kisha yataingia mjini, majumbani. Fedha ni mkopo wa masharti nafuu kutoka benki ya maendeleo ya ng'ambo.

Elizabeti alisimama. "Mkopo huo analipa nani?"

"Serikali, mama."

"Na serikali inatoa wapi?"

"Kwenye kodi. Na bili za maji zitasaidia."

"Kwa hiyo ni sisi."

"Ukitazama hivyo, ndiyo, ni sisi sote. Lakini unalipwa polepole, kwa miaka mingi."

"Na tukishindwa, wanabeba nini?"

Ukumbi ulicheka. Onesphory hakucheka, na kwa hilo tumpe haki yake. "Hakuna nyumba ya mtu iliyowekwa dhamana," alisema. "Anayedaiwa ni serikali."

"Na zile alama? Na zile picha?"

"Alama inaonyesha bomba litakapopita na nyumba itakayounganishwa. Picha ni za kumbukumbu. Ni utaratibu tu, mama."

Angeishia kwenye bomba, labda Elizabeti angerudi nyumbani akalala. Lakini maneno yale ya mwisho alikuwa ameshayasikia, na mara ya kwanza yalimgharimu friji. Akakaa, hakuuliza tena, na waliokuwa karibu naye wakadhani ameridhika.

Nyuma ya gesti kulikuwa na kisima chake. Maji yake yalikuwa na magadi kidogo, chai haikukolea, lakini yalifaa kuogea na kuoshea vyombo, na majirani walikuja kununua kwa ndoo. Mnunuzi wake wa kila siku alikuwa Nailantei, ambaye mtaani walimwita Mama Yoeli. Huyu alikuwa Mmasai, mumewe Parit alikuwa mbali na ng'ombe karibu mwaka mzima, na yeye alikuwa anauza maziwa kwenye hoteli za barabarani. Alikuwa amejenga nyumba yake ya tofali mstari wa nyuma. Alipokuwa ananunua kiwanja kile, Elizabeti ndiye aliyekwenda naye, akawahoji wauzaji mpaka wakatoa jasho, asije akauziwa kiwanja cha mtu. Tangu hapo Nailantei alikuwa hafanyi jambo kubwa bila kumuuliza.

"Shikamoo, Mama Goodhope," alisema jioni ile, akitua ndoo zake za kuoshea vyombo vya maziwa. "Na kwangu wamechora."

"Marahaba. Najua, nimeona. Wanaorodhesha mali zetu, Mama Yoeli. Hiyo ni dhamana."

"Yule kijana amesema ni maji."

"Sasa ulitaka akuambie nini? Kwamba amekuja kuandika nyumba yako?"

Nailantei alitazama ndoo zake. "Parit hayupo," alisema. "Nyumba ikipotea, nitamwambia nini?"

"Haipotei. Kesho tunazifuta."

Na kesho yake wakazifuta. Elizabeti alikuja na chupa ya mafuta ya taa, mchanga mkavu kwenye sufuria na magunzi ya mahindi. Akamwonyesha: unamwagia mafuta, unaacha yaingie, unatia mchanga, unasugua kwa mduara, si juu chini, la sivyo rangi inatambaa. Walianza kwa Nailantei, wakamalizia kwenye gesti, wakapaka na chokaa juu. Walicheka sana siku ile, mikono inanuka mafuta ya taa, na Nailantei akaimba kidogo kwa Kimasai. Tomasi alikuwa amekaa kibarazani anawatazama.

"Siku maji yakifika," alisema, "mimi msiniulize."

"Siku hiyo utanimwagia kichwani," Elizabeti alimjibu, na wote watatu wakacheka.

Mabomba yalikuja. Mafundi walichimba mtaro kuanzia upande wa mlimani, wakafuata barabara, wakakaribia. Walipofika kwenye mstari wa Elizabeti walivuka, wakaenda upande wa pili, wakaendelea na safari yao. Elizabeti alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwatazama wanavyompita. Usiku ule alilala usingizi mzito, wa mtu aliyenusurika.

Kisha kiangazi kikaingia. Kisima kikashuka, ndoo ikawa inapanda na tope. Upande wa pili wa barabara, kwenye gesti ya mshindani wake, Samson, maji yakafunguka. Maji matamu, ya bomba, mchana na usiku. Dereva aliyetoka Tunduma na vumbi lake, kitu cha kwanza anachouliza ni bafu, na sasa hakuwa na sababu ya kuuliza kwa Elizabeti. Malori yaliyokuwa yakiegesha kwake miaka yote yakawa yanawasha taa za pembeni na kukata kwenda kwa Samson. Tomasi hakusema neno, na Elizabeti angependa kuliko kitu chochote aseme.

Akafunga safari hadi Kilosa. Onesphory alimwamkia, akamvutia kiti, akafungua ramani.

"Timu ya mabomba ilifuata alama," alisema. "Mstari wenu walikuta kuta zimepakwa chokaa. Wakahesabu mmekataa. Hatupitishi bomba kwa mtu aliyekataa, mama."

"Si mngeuliza?"

"Tuliuliza. Tulimkuta mzee. Akasema mama mwenyewe hataki hata kusikia habari za watu wa maji."

Tomasi hakuwa amesema uongo.

"Basi nipitishieni sasa."

"Fedha za awamu hii zimekwisha. Labda awamu ya pili, mkopo mwingine ukipatikana."

"Na huu wa kwanza, sisi tuliorukwa tunalipa pia?"

Onesphory alikunja ramani polepole. "Ni deni la nchi, mama. Wote tunalipa."

Kwa hiyo alikuwa anamlipia Samson bafu. Njia nzima ya kurudi alikuwa na hasira, na hasira hiyo hakupata wa kumbebesha. Alijipa moyo kwa jambo moja tu, kwamba atakwenda kwa Nailantei mwenyewe, amweleze, waangue kicheko cha uchungu, yaishe.

Alichelewa. Nailantei alikuwa anampelekea Samson maziwa, na kwa Samson alikuwa ameshasikia yote, jinsi kufuta alama kulivyofanya warukwe. Alikuja gesti jioni bila ndoo.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Yoeli. Kaa basi."

Hakukaa. "Mama Goodhope, wewe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba ile alama ni ya maji."

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Yule kijana alisema mbele ya watu wote, nawe ulikuwa mstari wa mbele." Nailantei alikuwa anaongea kwa upole, kama mtu anayeuliza bei. "Ningepata bomba, ndoo za kisima chako ningenunua za nini?"

Wazo lile halikuwahi hata kupita kichwani mwa Elizabeti. Lakini alipolisikia limesemwa, aliona linavyosimama vizuri, na lau ingekuwa ni habari ya mtu mwingine, yeye angekuwa wa kwanza kuliamini.

"Mbona nilifuta na ya kwangu?"

"Wewe una kisima," alisema Nailantei, akaaga kwa adabu zote, akaondoka.

Kuanzia siku ile alinunua maji kwa Samson, akivuka barabara ya malori na ndoo kichwani. Elizabeti alimtuma Tomasi ampelekee ndoo mbili za bure. Ndoo zikarudi zimejaa vile vile. Alimweleza Nailantei kanisani, akamweleza sokoni, akamtuma na mke wa mchungaji. Nailantei alimwamkia shikamoo kama kawaida, akasema amesikia. Hakuna kitu kinachouma kama kuambiwa umesikika na mtu ambaye hakuamini. Elizabeti alijua, kwa sababu watu wengi alikuwa amewajibu hivyo hivyo maishani mwake.

Masika ya mwaka uliofuata, habari zikaja kwamba mkopo mwingine umepatikana. Yule yule aliyeuliza watabeba nini alikuwa sasa anauliza watakuja lini. Siku wapimaji walipofika aliwawekea viti na soda, akawachagulia ukuta mwenyewe, pale panapoonekana vizuri, akasimama pembeni mpaka picha ikapigwa. Kisha akamshika mkono Onesphory, aliyekuja nao.

"Kuna nyumba ya nyuma hapa. Ile msiiruke."

Nailantei alikuwa hayupo, amekwenda na maziwa. Onesphory alisita.

"Mwenyewe anataka?"

"Mimi ni jirani yake. Anataka maji kuliko mimi."

Wakachora. Onesphory aliwaonya kwamba mafundi wa mabomba watafuata alama, kama mara ile, pasipo na alama wataruka. Elizabeti akasema hilo halihitaji kurudiwa. Walipoondoka, akageuza dumu, akakaa mbele ya ukuta ule ailinde rangi isiguswe na mbuzi wala watoto. Alikaa mchana kutwa, gesti amemwachia Tomasi, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile alijisikia mwepesi.

Nailantei alirudi na vyombo vyake vitupu. Akautazama ukuta, akamtazama mwenzake.

"Nani amewaleta hapa?"

"Mimi," alisema Elizabeti, na hakuweza kuficha furaha yake. "Nimewaleta mwenyewe. Safari hii huachwi."

"Mimi nikiwa sipo."

"Wangeondoka, Mama Yoeli. Ningewazuiaje?"

"Na picha wamepiga?"

"Wamepiga. Ni utaratibu tu."

Maneno yalimtoka kabla hajayazuia. Aliyasikia yakiwa hewani, kwa sauti yake mwenyewe, na akatamani kuyarudisha.

Nailantei aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na chupa ya mafuta ya taa, gunzi na mchanga kwenye sufuria. Akamwagia, akaacha yaingie. Akatia mchanga, akaanza kusugua kwa mduara, si juu chini, kama alivyofundishwa.

"Mama Yoeli, nakuomba. Ni ya maji. Watapita mwezi ujao, wakikuta hakuna watakuruka tena."

"Hata ile ilikuwa ya maji," alisema Nailantei bila kugeuka. "Sijui tena ukiniletea kitu unaniletea nini."

Elizabeti alisogea amshike mkono, akashindwa kuunyanyua wa kwake. Alibaki amesimama karibu na dumu lake, akitazama. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikatoka upesi kuliko ile ya kwanza.