Sahani Isiyorudi Jikoni

Kwa wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu mume wangu, hakuna anayejipakulia. Sheria hiyo aliiweka tangu mama mkwe alipofariki akamwachia jiko. Siku ya sikukuu husimama mbele ya masufuria na upawa mkononi, anapakua kwa wakubwa na wadogo, kisha anajiegemeza mlangoni kuangalia nani anakula na nani anachezea. Sahani hairudi jikoni na chakula. Ikirudi, aliyeirudisha ana neno na mwenye nyumba, na neno hilo litasemwa mpaka sikukuu nyingine.

Niliijua sheria hiyo, na nilikwenda vilevile.

Mimi ni fundi cherehani. Kukanyaga cherehani miaka yote hii, na huu mwili wangu, vimenimaliza goti, hata ikafika nasali nimekaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri basi. Daktari hakunificha. Alisema, "Mama, dawa nitakupa, lakini goti hili linabeba watu wawili. Mmoja mshushe." Basi nikaanza kumshusha. Sikujitesa kwa njaa. Nilipunguza wali, nikaacha soda na vya kukaanga, nikaongeza mboga, na jioni nikawa natembea taratibu mpaka kwa muuza mkaa na kurudi. Siku hizi goti limeanza kukunjika. Chini halijafika, ila naliona linaelekea huko, na kabla sijafa nataka nimpigie Mungu wangu magoti kama nilivyofundishwa utotoni. Hilo ndilo nililoingia nalo mlangoni kwa wifi.

Akanitazama juu mpaka chini. "Hee! Umebakiza shingo tu, wifi."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na gauni hilo umelibana kwa ajili ya nani?"

Shemeji mdogo, dereva wa lori ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia: "Mjane akianza kupunguza kiuno, dada, jua kuna mtu ameshapima."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana alisema vizuri.

"Aliyepima ni mimi, shemeji. Futi ni yangu."

"Utalifumua tu," wifi akasema. "Ngoja sikukuu ipite."

"Silifumui. Kitambaa cha ziada nimekikata."

Nikageuza mshono wa ubavuni auone. Fundi humwachia mteja kitambaa kidogo ndani ya mshono, ili akinenepa alegezewe. Changu nilikipitishia mkasi makusudi. Wifi akaushika ule mshono, akauachia kama umemchoma.

Tukakaa, chakula kikaombewa, akaniletea sahani. Ule wali ulikuwa kichuguu. Nyama zimepanda juu, viazi vya kukaanga vimezunguka, mboga haikupata hata pa kuegesha. Nisiseme uongo, harufu ilinitamanisha.

"Kula, wifi."

"Asante, dada. Hiki ni kingi. Nitajipakulia kidogo."

Kijiko cha shemeji kikaishia njiani.

"Utajipakulia? Kwenye jiko langu?"

"Kwa ruhusa yako."

"Sijaitoa. Una neno na mimi?"

"Sina neno na wewe, dada. Nina goti."

"Goti! Kaka yangu alikuoa umejaa, mtu akikuona anajua huyu ana wenyewe. Leo wakikuona hivi watasema amekufa mume na sisi tumemtupa."

Hapo nikamwelewa. Kumbe alikuwa anawaogopa watu. Nikamwonea huruma, lakini huruma haimalizi sahani.

"Kaka yako alinioa mimi, hakuoa kilo. Na niliposhindwa kushuka ngazi, hao watu hawakuja kunishika mkono."

Nikainuka na sahani yangu, ambayo sikuwa nimeigusa, nikapita mbele yake mpaka jikoni. Nikarudisha wali sufuriani polepole, punje isianguke, maana chakula ni baraka na sikuwa na ugomvi nacho. Nikachukua sahani ndogo ya watoto. Mboga nusu nzima, kipande cha nyama kisicho na mafuta, wali kama ngumi yangu. Nikarudi mezani, nikatafuna bila haraka.

"Nyama imeiva vizuri, dada," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

"Mla ni mla leo, shemeji," dereva akajaribu kupoza mambo. "Kesho utaanza upya."

"Kesho goti ni hilihili, shemeji."

Keki ikapita, nikasema hapana. Ikazungushwa tena, ikasimamishwa mbele yangu kwa makusudi, nikasema hapana kwa sauti ileile. Nikanywa maji yangu.

Watu walipotawanyika nikaingia jikoni kuosha vyombo. Wifi alikuwa anakwangua ukoko, mgongo amenipa.

"Mwakani kama unakuja kunirudishia chakula, afadhali ubaki kwako."

"Mwakani nakuja asubuhi, nikusaidie kumenya viazi. Na nitajipakulia."

"Siku hizi umekuwa na kichwa kigumu."

"Kilikuwa hivihivi siku zote, dada. Nyama ndiyo iliyokuwa inakificha."

Alitaka kucheka, nilimwona shavu likicheza. Akajizuia, akanisogezea sufuria kubwa kuliko yote nisugue.