Jumapili Redio Alipoimba

Mtu mmoja alikuwa fundi wa redio, na watu wakampachika jina hilohilo, Redio, kwa kazi yake na kwa mdomo wake pia. Alichomelea waya huku akisimulia. Mteja aliyeleta spika iliyokufa aliondoka na habari za mtaa mzima. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa akimwambia, "Baba watoto, hebu pumzika. Masikio yangu yanaomba likizo."

Kisha kiharusi kikamwangusha palepale kwenye benchi la kazi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakauka yote. Miezi minane ikapita bila kutamka hata "ndiyo". Mshonaji alikuwa tayari kuitoa cherehani yake ili apigiwe tena zile kelele.

Jumapili moja akaamua: liwalo na liwe, leo tunakwenda wote. Akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja, wakajikongoja hadi kanisani, wakakaa benchi la tatu kutoka nyuma.

"Redio imeisha betri, maskini," mtu akanong'ona nyuma yao. Mshonaji akajifanya hakusikia.

Ukafika wakati wa Injili. Usharika wote ukasimama, na mchungaji, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, akasoma habari ya kiziwi mwenye ulimi mzito aliyeletwa kwa Yesu. Kati ya Injili zote! Macho ya watu yalimchoma shingoni kama sindano. Angetoka, lakini mguu wa mumewe haukuwa wa kutoroka nao.

Mchungaji akapanda mimbarini.

"Ndugu zangu, angalieni alichofanya Yesu kwanza. Alimtoa yule mtu pembeni, mbali na umati. Yako mateso yasiyofaa kutazamwa na kila jicho. Kabla hajamfungua ulimi, alimsitiri. Nasi tusitiriane. Mwombee jirani yako, halafu tazama mbele."

Shingo zikageuka mbele, moja baada ya nyingine. Mshonaji akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu nyumbani.

Ikaja Meza ya Bwana. Kinanda kikatangulia, watu wakasimama na kuimba: "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu..." Mshonaji akasikia besi nene karibu yake. Akadhani ni yule seremala wa benchi la nyuma. Lakini bega lililoegemea lake lilikuwa linatetemeka. Akageuka.

Alikuwa mumewe.

Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja, ila maneno yalitoka mazima, hakuna lililopungua: mbingu na nchi zimejaa utukufu wako. Mshonaji akaacha kuimba. Nywele zilimsimama, akashika benchi la mbele kwa mikono miwili. Hakuthubutu kumgusa mumewe. Alimwona kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Nyuma yao aliyenong'ona alikuwa amejiziba mdomo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kanisa zima liliimba taratibu, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala.

Wimbo ukaisha.

"Baba watoto," alimnong'oneza, "sema tena. Sema chochote."

Akafungua mdomo. Pumzi tupu. Akatikisa kichwa, lakini nusu ya uso wake ilikuwa inacheka.

Aliposimuliwa kliniki, muuguzi hakushangaa. "Mama, nyimbo zina chumba chao kichwani. Kiharusi kimebomoa chumba cha maneno, hiki cha pili hakikukigusa. Mwimbie kila siku, tupitie mlango huo."

"Nimekuelewa, mwanangu," mshonaji alisema. "Lakini aliyejenga vyumba viwili alijua kitu."

Tangu hapo alishona akiimba liturujia, naye mumewe akaitikia kutoka kitini. Siku nyingine aliishia "Bwa...", akapiga paja kwa hasira, na mkewe akaanza upya.

Wiki ya saba, wakila mchana, Redio aliinua kichwa kutoka kwenye sahani. Kwa sauti ileile ya kuitikia mchungaji, polepole, akaimba, "Naomba chumvi."

Mshonaji alisimama. Hakujua kwa nini alisimama. Akamletea chumvi kwa mikono miwili.