Kundi Halisimami

Baiskeli hutoboka kwa sababu mwenyewe ni mvivu. Ndivyo ninavyowaambia watu wanaoniletea baiskeli zao, kinga kama tunavyoziita, pale Kimemi mjini Butembo, na wengi hawapendi kusikia. Wanasema ni misumari, ni mawe, ni bahati mbaya. Mimi naipindua kinga, natoa tairi, napitisha kiganja ndani yake polepole, na mara nyingi nakuta mwiba wa zamani ungali pale. Mtu ameziba tundu, mwiba ameuacha. Kesho unamtoboa tena.

Mama yetu, Katungu, alikuwa akikaa nami tangu mauaji yalipotukimbiza kutoka kijiji chetu karibu na Eringeti. Alikaa kwenye kibanda changu cha kazi kutwa nzima, akimenya maharagi na kuwasema wateja wangu. Kisha ugonjwa ulimshika tumboni. Hospitali walimwangalia, wakatuambia tumrudishe nyumbani. Kwa daktari, nyumbani ni chumba changu cha Butembo. Kwa Mama, nyumbani ni lile shamba la ndizi ambako Baba amelala nyuma ya nyumba.

"Ézéchiel," aliniambia, "mi nataka kufika kule na macho yangu. Hapana munibebe nikiwa muzigo."

"Mama, kule batu banakufa."

"Na mie huku niko nafanya nini?"

Mdogo wangu Gamaliel aligeuka akaangalia ukuta. Nikamwambia Mama kwamba atafika na macho yake.

Mpaka Beni haikuwa shida, tulipata nafasi mbele kwenye gari la mizigo, kinga zikafungwa juu. Shida ni kutoka Mavivi, mbele kidogo ya Beni, kwenda juu. Wenye pikipiki tuliowauliza hukohuko Butembo walimtazama Mama usoni mara moja tu wakakataa. Mgonjwa akikufia njiani, ukoo wake unakushika wewe. Sikuwalaumu. Basi ikabaki kinga.

Kwenye barabara ile watu wa kinga wanakwenda kwa kundi, asubuhi, wakati askari wako njiani. Na kundi lina sheria moja: halisimami. Mwenye kutoboka anabaki. Haiko roho mbaya. Wakisimama kwa ajili ya mmoja, jua litawazamia wote msituni, na msitu ule umeshameza watu wengi.

Kwa hiyo kabla ya kutoka Kimemi nilitengeneza tairi za safari ile kama sijawahi kutengeneza nyingine. Nilichukua tairi kuukuu, nikakata kingo zenye waya, nikabakiza ule utepe wa katikati, nikauvalisha ndani ya tairi nzima. Mwiba ukipita mpira wa kwanza, unakutana na wa pili. Ncha za utepe nilizichonga kwa wembe mpaka zikawa nyembamba kama karatasi, maana ncha nene husugua mpira wa upepo ukaisha. Vichwa vya spoki nilivifunika kwa mpira uliochakaa. Halafu nikajaza upepo mpaka tairi ikalia kama ngoma nilipoipiga kwa kidole. Ukibeba mtu kwenye tairi laini, jiwe la kwanza linabana mpira kwenye chuma na kuuma matundu mawili kwa pamoja.

Mama alikuwa ananitazama.

"Unavalisha tairi koti mbili," alisema. "Wewe mwenyewe uko na moja, tena haina vifungo."

Mavivi tulikuta kundi kwenye uwanja wa kanisa, kinga zote zimepinduliwa, magurudumu juu. Kuna desturi pale: hakuna anayekagua tairi zake mwenyewe. Unakagua za jirani, jirani anakagua zako. Mtu huionea huruma kinga yake, na anapoharakia kuondoka kiganja chake hakisikii kitu. Za kwangu alizishika Précieux, mchukuzi wa makaa, ambaye ndiye aliyeongoza kundi. Alibonyeza, akapapasa, akabonyeza tena.

"Hii pneu iko nguvu kupita ndoa yangu," alisema. Watu walicheka. Kisha akamgeukia Mama, akavua kofia. "Mama, unajua sheria yetu. Mwenye kutoboka abaki. Haiko matusi."

"Mutoto wangu ndo fundi," Mama akajibu. "Angalia yako."

Nilimkalisha kwenye kerià, pale nyuma pa kufungia mizigo, juu ya gunia lililojaa majani makavu ya ndizi. Gamaliel alimfunga kwangu kwa kikwembe, kifua chake mgongoni mwangu, vile Mama alivyotubeba sisi utotoni, kisha mdogo wangu akapanda kinga yake nyuma yetu. Hakuwa na uzito. Hilo ndilo lililoniogopesha, siyo barabara.

Barabara ile haina milima mikali kama ya kwetu Butembo. Tulikwenda vizuri. Mama alikuwa anasema karibu na sikio langu: hapa palikuwa shamba la fulani, hapa kulikuwa na soko, hapa shangazi yenu aliolewa, mwanaume mwenyewe mulevi. Baadaye maneno yakapungua.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Karibu, Mama."

"Uongo," alisema, nikasikia tumbo lake linatikisika kidogo kwa kicheko.

Tulipopita Oicha, lori la mbao lilitupita kwa kelele na vumbi. Katika kelele ile nilimhisi Gamaliel amesogea ubavuni kwetu, mkono wake unagusa kikwembe. Nikadhani anakaza fundo. Lori likaisha kupita, naye akarudi nyuma. Mama akawa kimya, kichwa chake kimelala kati ya mabega yangu. Nilifurahi. Nilijisemea, amelala, atafika amepumzika. Nikawa nakwepa kila jiwe ili nisimwamshe. Kinga mbili za kundi zilitoboka, wenyewe wakabaki wanapiga kelele nyuma yetu, na sisi hatukugeuka. Tairi zangu hazikupungua hata pumzi moja.

Tulifika mchana. Nyumba ilikuwa imeanguka upande, lakini ndizi zilikuwa zimesimama. Nikaweka miguu chini.

"Mama, tumefika. Fungua macho."

Nikasubiri. Nikageuka kumwangalia Gamaliel, nikamwona amekwisha kushuka, amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili. Ndipo nikajua, na nikajua kwamba yeye alijua.

"Tangu wapi?" nikamwuliza.

"Oicha."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, ungesimama, mukubwa wangu."

"Ningesimama, ndiyo."

"Ndo maana."

Sikumpiga kwa sababu nilikuwa bado nimefungwa na Mama. Ilibidi yeye huyohuyo afungue kikwembe.

Précieux na wenzake walishusha mizigo yao. Hakuna aliyewaomba. Walichimba kwa zamu kando ya Baba, wakiangalia jua na kuangalia msitu, na Précieux akaomba kwa maneno machache. Siku ile kundi lilisimama. Kisha tukakimbilia Eringeti kulala, mimi na kerià tupu.

Asubuhi, kinga zikapinduliwa tena. Sikuwa nimesema neno na Gamaliel. Alikuja mwenyewe kukagua tairi zangu, nami sikumzuia, desturi ni desturi. Alipapasa gurudumu la nyuma, akasimamisha mkono. Akachomoa kitu kwa meno, akanionyesha kiganjani. Mwiba, mrefu, mweusi.

"Ulipita pneu ya inje," alisema. "Ya ndani ikaukatala."

Sijui tuliuokota wapi. Labda baada ya Oicha. Labda kabla. Kama ni kabla, na kama nisingeivalisha ile tairi koti la pili, tungebaki peke yetu kando ya msitu. Ningemfungua, ningemwona uso, angeniambia lolote alilokuwa nalo. Labda tungekufa wote watatu pale. Nimefikiri sana juu ya mwiba ule, na mpaka leo sijui ningechagua nini.

"Pale Oicha," nilimwuliza, "alikuwa amekwisha kufa?"

Gamaliel alikuwa anaugeuza ule mwiba kwenye kiganja.

"Mukono wake ulianguka. Nikaja kuurudisha. Macho yake yalikuwa wazi. Akaniuliza, tumefika wapi."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia tuko nyumbani. Kando ya barabara kulikuwa ndizi, basi nilimuonyesha zile."

"Akaamini?"

Alifumba kiganja juu ya mwiba.

"Alisema, basi munishushe. Kisha akafunga macho."

Watu walikuwa wanageuza kinga zao, Précieux anaita. Gamaliel alitupa mwiba majanini, akafuta mkono kwenye suruali, akasimama pembeni ya kinga yake bila kuigusa. Alikuwa ananingojea. Nilikwenda nikapiga magoti, nikashika gurudumu lake, nikaanza kupitisha kiganja juu ya mpira, polepole, kidole kwa kidole, nikitafuta.