Fundo la Mkono wa Kushoto

Jina hasa la Mzungu yule hakuna aliyeliweza. Watu wa mlimani walimwita Bwana Vioo, kwa sababu mizigo yake karibu yote ilikuwa vioo: vioo vilivyofungwa karatasi nyeusi, vioo vilivyolazwa kwenye masanduku yenye pamba, vioo ambavyo mpagazi akijikwaa navyo ilikuwa nafuu avunjike mguu. Alipiga kambi juu ya Mlali, pale msitu unapoanza, mwaka wa pili tangu gari moshi lifike Morogoro. Hakuja kutafuta dhahabu, wala vibarua wa shamba. Alikuja kutafuta picha ya minde, yule paa mweusi wa misitu ya juu ambaye hata wawindaji wa Uluguru huzeeka wakiwa wamemwona matako tu.

Mwaisha alimwona Mzungu huyu kichekesho. Mtu avuke bahari na bunduki mbili nzuri, halafu mnyama mwenyewe hataki kumla, anataka kumtazama. Lakini kazi ni kazi. Kaka yake Mwinjuma, ambaye hakuwa na mfano kwa kutega katika vijiji vyote vya upande ule, aliajiriwa kuificha kamera. Mwaisha akachukuliwa kuleta maji ya kuoshea vioo.

Maji yenyewe yalikuwa na masharti kuliko maji ya kutawadha. Yachotwe kijitoni, yawe safi, na zaidi ya yote yawe baridi ya kuuma vidole. Sura ya mnyama ilishikwa na utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, laini kama utando wa uji uliopoa, na maji yakiwa na uvuguvugu utando ule uliyeyuka na picha ikaondoka na maji. Juma la kwanza Mwaisha aliiacha ndoo juani bila kujua, na picha za mbega watatu za Bwana Vioo zikaishia kwenye nyasi. Alifokewa siku mbili mfululizo. Tangu hapo hakukosea tena.

Kamera nayo ilitegwa kama unavyotega kitu chochote. Mwinjuma alilipaka sanduku lake matope, akalivika kuvu na majani ya porini, akaacha jicho lake tu likichungulia. Kutoka kwenye sanduku alivuta uzi mweusi, akaukatiza njia ya wanyama usawa wa goti la minde, akaufunga kwenye mti wa pili. Mnyama akiugusa uzi, jicho linafunguka na kujifunga, na kioo cha ndani kimekwisha kumshika. Asubuhi wanakwenda kukichukua. Mwinjuma akimaliza kuficha alirudi nyuma hatua kumi, na mara nyingine yeye mwenyewe hakuiona tena. Bwana Vioo alicheka kwa furaha, naye Mwinjuma alikunja uso kama mtu aliyetukanwa kwa kusifiwa jambo dogo.

Mwaisha alikuwa na mume, au alikuwa amewahi kuwa naye, watu hawakukubaliana. Jina lake Pazi. Miaka miwili nyuma akida wa serikali alimchukua, yeye na wenzake, kwenda kutengeneza njia ya reli upande wa bara. Huko msimamizi alimpiga mgonjwa aliyelala chini, Pazi akampiga msimamizi kwa koleo, kisha akakimbia. Akikamatwa ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwanza, kisha mnyororo, na wachache walikuwa wametoka kwenye mnyororo ule na miguu yao yote. Wengine walisema amekufa njiani. Mjomba wa Mwaisha, ambaye kwa desturi yao ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alikwisha kumwambia akae eda, aimalize, aolewe na mtu mwema wa Mlali mwenye mashamba ya kunde. Mwaisha alijibu kwamba hakai eda ya mtu ambaye hajamwona amekufa. Usemi huo ulimponza kwa watu wengi, lakini hakuwa na mwingine.

Alimtamani mumewe. Tuseme hivyohivyo, maana mwenyewe hakuwa akificha. Alitamani kishindo chake uani, na jinsi alivyokuwa akiuma ncha ya ulimi anapofanya kazi ya vidole. Kilichomtisha zaidi ni kwamba uso wake ulikuwa umeanza kumpotea. Alikumbuka masikio. Alikumbuka kovu la nyusi. Akijaribu kuviweka pamoja, vilikataa kukaa.

Asubuhi moja Mwinjuma na Bwana Vioo walishuka kutoka msituni na kioo kilichokwisha kushika. Mzungu aliingia moja kwa moja kwenye hema lake la giza. Mwinjuma alimfuata dada yake kijitoni, akachuchumaa kana kwamba ananawa miguu.

"Mtu ameugusa uzi," alisema kwa Kiluguru.

"Mtu gani?"

"Ameufunga upya. Amekuta umelegea kwa umande, akaukaza." Akajimwagia maji mguuni. "Fundo limelala upande wa kushoto."

Mwaisha aliiweka ndoo chini kabla haijamponyoka.

Wategaji wa milima ile wana adabu yao. Ukipita msituni ukakuta mtego wa mwenzako umelegea, huupiti. Unapiga magoti unaukaza, ndipo unaendelea na safari yako, hata kama una haraka, hata kama mwenye mtego ni mtu uliyegombana naye. Pazi alijifunza kutega kwa Mwinjuma alipokuja kuishi ukweni, na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, fundo lake lililala kinyume. Mwinjuma alikuwa akimtania: "Shemeji, fundo lako limelala kifudifudi." Sasa Pazi alikuwa amepita njia ya minde, akautambua mkono wa shemeji yake katika uzi ule na kuvu zile, akadhani ni mtego wa kawaida. Akapiga magoti kuukaza. Hakuna mtu wa pwani, wala Mzungu, ambaye angefanya kosa hilo.

Bwana Vioo alitoka hemani amekunja uso, kioo kikiwa kwenye sinia.

"Mtu," alimwambia Dominiko, mpishi wake na mshika bunduki, kijana wa misheni kutoka Bagamoyo. "Si minde. Mtu anachezea mtambo wangu. Nimeona uso, wote. Kikikauka nitatoa picha ya karatasi, upeleke kwa akida. Watamjua."

"Watamjua, Bwana," Dominiko alisema. Yeye na akida walikuwa marafiki wa kunywa chai.

"Mwaisha. Osha. Maji baridi sana."

Akarudi hemani kutia dawa zake vifuniko. Dominiko akaenda kuchanja kuni, akiacha birika lake linachemka jikoni.

Mwaisha alikaa chini na sinia. Mwanzoni hakuona kitu cha maana. Sura za vioo zilikuwa za kinyume: nywele nyeupe, macho meupe, meno meusi, kama mzuka. Alikuwa ameshaosha wanyama wengi wa namna hiyo na hawakumtisha, lakini huyu alimtisha. Alikitoa kioo majini kwa vidole viwili, maji yakichuruzika, akakiinamisha juu ya mapaja yake ili kisidondoke. Alikuwa amejifunga kaniki yake nyeusi. Chini ya kioo likapita lile giza la kaniki, na palepale weupe ukawa ngozi na weusi ukawa mwanga, na Pazi alikuwa pale, amepiga magoti, ncha ya ulimi imebanwa na meno.

Amekonda. Hilo ndilo alilolifikiria kwanza. Ndevu zimemwota ovyo, shavu limeingia ndani, na kovu la nyusi lilikuwa upande wa kulia, wakati yeye siku zote hizo alikuwa akilikumbuka upande wa kushoto. Kichwa kimeinama kidogo, macho kwenye vidole, mtulivu, mtu anayemfanyia mwenzake hisani ndogo na kuendelea na njia yake. Mwaisha alimtazama. Alijaribu kumtazama kwa utaratibu, kipaji kwanza, kisha pua, kisha mdomo, ili safari hii asipoteze kitu. Alitamani apewe siku nzima. Alitamani hata akiibe, akizike mahali, lakini kioo cha Bwana Vioo kilikuwa na namba, na Mzungu yule angeligeuza kila jiwe la kambi mpaka akipate.

Alisikia vifuniko vya chupa vikigongana hemani, kimoja baada ya kingine.

Akainuka, akachukua birika la Dominiko, akamimina.

Utando ulikunjamana kwanza pembeni. Kisha ulisogea wote pamoja, na uso wa Pazi ukavutika, ukawa mrefu, ukapasuka kwenye shavu. Maji ya moto yalimchoma vidole naye hakuvitoa. Alisaidia kwa dole gumba, akianza na macho, maana hayo ndiyo hakuweza kuyaacha ya mwisho. Ilipokwisha alibaki na kioo kitupu, safi kabisa, na ute wa kijivu katika sinia.

Bwana Vioo alipotoka alikiangalia kioo, akaliangalia birika, akamwangalia mwanamke. Mwaisha alisema maji ya kijitoni yalikwisha, akachukua yaliyokuwapo. Ulikuwa uongo mbovu, na ndoo iliyojaa ilikuwa imesimama kando yake. Mzungu alinyanyua mkono, akaushusha. Labda alifikiri ni ujinga, na kwa mara ya kwanza Mwaisha alishukuru kudhaniwa mjinga.

"Basi," alisema Bwana Vioo kwa uchovu. "Tunatega tena. Palepale, leo. Dominiko atakaa na bunduki. Huyo mtu atarudi."

Walipanda alasiri, wanne: Bwana Vioo, Dominiko na bunduki, Mwinjuma na miguu mitatu ya kamera begani, Mwaisha na sanduku la vioo kichwani. Njia ya minde ilipita katikati ya miti mikubwa iliyofunikwa kuvu, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Mwaisha alipaona mahali penyewe bila kuonyeshwa. Kwenye udongo laini palikuwa na mashimo mawili ya magoti. Alitua sanduku juu ya mashimo hayo polepole, ili Dominiko asiyaone.

Mwinjuma alianza kuficha. Bwana Vioo alitia kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi kupima jicho la kamera, na Dominiko alisimama katikati ya njia, kidole karibu na mtambo wa bunduki, akijitahidi kuonekana askari.

Ndipo Mwaisha aliposikia mtu akikohoa, upande wa bondeni, nyuma ya majani mapana. Kikohozi kidogo, kimoja. Mkwe wa kiume katika nchi ile hukohoa hivyo kabla ya kuingia uani, ili mama mkwe apate nafasi ya kuondoka asikutane naye uso kwa uso. Miaka mitano Pazi alikuwa amekohoa hivyo kila jioni. Mwaisha alikijua kikohozi kile kuliko jina lake mwenyewe.

Hatua ishirini, labda pungufu. Shingo yake yote ilitaka kugeuka.

"Nini hicho?" Dominiko aliuliza.

"Mbega," alisema Mwinjuma, bila kuinua kichwa.

Mwaisha alimgeukia kaka yake, akaweka mikono kiunoni, akaanza kugombeza kwa Kiluguru, ambacho Bwana Vioo na Dominiko hawakukijua, sauti juu, kama mwanamke aliyechoka na uzembe wa watu wa nyumbani kwake.

"Wewe usiye na akili! Nani amekutuma kushika uzi usioujua? Si mtego wa nyama huo. Unashika sura za watu, na yako ilishikwa, na mimi nimeifuta kwa mikono yangu hii. Angalia vidole vyangu!"

Mwinjuma alimtazama mdomo wazi. Kisha akaelewa, akainamisha kichwa, akaendelea kupapasa majani kama mtu anayestahili matusi.

"Huyu mwenye bunduki anakungoja wewe. Usipite hapa tena. Nenda upande wa Kisaki, vuka mto, jitafutie jina lingine. Mjomba anataka kuniozesha Mlali nami nimekataa, na nitakataa, sasa nina sababu. Umekonda. Kula. Nyoa hizo ndevu, hazikupendezi." Sauti ilimkatika, akaikohoa ikarudi. "Nilikuwa nakusahau, na leo nimekuona. Imetosha. Usikohoe tena, usinijibu, usirudi kuniangalia. Ondoka."

Akaukazia macho mgongo wa kaka yake. Bwana Vioo alikuwa ametoa kichwa kitambaani.

"Anasema nini?"

"Ananigombeza, Bwana," alisema Mwinjuma. "Anasema nimezeeka, sijui tena kuficha kitu."

Dominiko alicheka mpaka bunduki ikatikisika. Chini bondeni jani moja kubwa lilipiga jingine, halafu la mbali zaidi, halafu msitu ukatulia. Mwaisha alikuwa bado ameukazia macho mgongo wa kaka yake, na hakuyaondoa hapo mpaka walipoambiwa washuke.

Dominiko alikesha msituni siku mbili akang'atwa na siafu bure. Siku ya tatu, jua lilipokwisha kupenya majani, minde alipita. Bwana Vioo alitoka hemani akicheza, akambusu Mwinjuma kwenye kipaji, jambo ambalo Mwinjuma hakulisahau wala kulisamehe. Mwaisha alipewa kioo kukiosha.

Alikiosha kwa maji ya kuuma, akabadili mara saba, kisha akakilaza juu ya kaniki yake. Minde alikuwa mzuri kweli, mweusi, shingo nene, mguu mmoja umeinuliwa. Bwana Vioo alisimama nyuma yake akimweleza pembe na manyoya, akafurahi kuona kwamba hata mwanamke huyu sasa anaipenda kazi, maana haondoi macho. Nyuma ya mnyama njia ilionekana yote, mpaka pale inapokunja kuelekea bondeni. Mwaisha aliikagua kila inchi ya njia ile, jani kwa jani, mpaka kioo kikaanza kukauka mikononi mwake, na hapakuwa na mtu.