Kingamwili ya Sungura

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Matone alifungua friji la maabara kuchukua kichupa cha kingamwili, akakuta sungura amekaa rafu ya chini, kati ya maboksi na chupa ya maji yaliyochujwa. Alikuwa mweupe, na sikio la kushoto lilikuwa limenyolewa pale walipokuwa wakimtoa damu. Kwa mujibu wa karatasi za kiwanda kilichotengeneza kingamwili ile kutokana na damu yake, alikwisha kufa miaka sita iliyopita. Matone alimtoa, akafunga friji ili baridi isipotee, akaendelea na kazi.

Jina la Matone alipewa na wenzake kwa tabia yake ya kuhesabu matone kwa sauti. Alidondosha kingamwili ya sungura kwenye vipande vyembamba vya nyama ya wagonjwa, vilivyobandikwa juu ya vioo. Penye protini ya uvimbe mbaya, kingamwili hunata na kioo hugeuka kahawia. Pasipo na kitu, inaoshwa na kwenda zake.

Mtu wa stoo alilalamika kwamba sungura hayumo kwenye orodha ya vifaa, akampa namba, yakaisha. Profesa, mkuu wa maabara, alitaka kujua kama anafaa. Walipanga vioo ishirini sakafuni. Sungura alivinusa kimoja kimoja, akavilalia vinane kwa zamu, vilevile vilivyogeuka kahawia kwa kingamwili ya kichupa wiki iliyopita.

"Huyu hana mchezo," alisema Profesa.

Jumatano akaingia Mama na ndoo yake. Mama ndiye aliyefanya usafi, na maabara nzima ilimwita hivyo kwa heshima. Matone naye alimwita Mama, ila kwake alikuwa mama mdogo hasa, mdogo wake marehemu mama yake, aliyemlea tangu ana miaka minne na kumsomesha kwa kufua nguo za watu. Walikuwa wakifanya kazi jengo moja mwaka wa tatu huu na Matone hakuwahi kumwambia mtu kuhusu undugu huo. Mwanzoni alikosa pa kuanzia, halafu ikawa aibu, na kila mwezi uliopita aliionea aibu ile aibu yenyewe. Mama mdogo alielewa. Hakuwahi kumwita mwanangu mbele za watu.

Sungura alimwendea moja kwa moja, akalala juu ya kiatu chake cha kulia, akafumba macho.

Mama alipotoka, Matone aliuliza, "Tumwambie?"

"Tumwambie nini?" alisema Profesa. "Soma kibandiko cha kichupa. Kwa utafiti tu. Huyu sungura hajaidhinishwa kupima watu. Tena akienda hospitali sasa hivi, tutajuaje ugonjwa unachukua muda gani kuonekana? Wewe andika."

Matone alikuwa na la kusema: yule ni mama yangu mdogo. Badala yake alichukua daftari. Akaandika: Mtu wa usafi, kiatu cha kulia, dakika kumi na nne.

Ikawa hivyo kila siku. Mama alimzoea sungura, akajifunza kupiga deki kwa mguu mmoja. Asubuhi moja alikiinua kichupa na kusoma kibandiko taratibu, kidole juu ya herufi.

"Ki-nga-mwi-li. Kumbe!" Aliangua kicheko. "Kinga ya mwili! Ndiyo maana haniachi, ananikinga huyu. Na mimi nilikuwa na kitu hapa ubavuni kinanisumbua, nikasema niende hospitali wakakione. Sasa nikapange foleni ya nini?"

Profesa alikohoa. Matone aliinamisha kichwa akaanza kuhesabu matone. Alifika sitini, na kichupa bado kilikuwa mkononi mwa Mama.

Ilipita miezi saba. Sketi ya Mama ikaanza kushikiliwa na pini. Sungura sasa alimsubiri mlangoni, na dakika zikaongezeka, zikampa Profesa mchoro mzuri sana wa mstari unaopanda. Matone alikuwa akila chakula cha mchana chooni ili asikutane na Mama kwenye korido.

Ijumaa moja walibaki wawili, Matone na Mama, sungura juu ya kiatu.

"Mama mdogo," alisema Matone. Ndani ya jengo lile hakuwahi kumwita hivyo. "Hakukingi."

"Nani?"

"Sungura. Lile neno ni jina tu. Kazi yake ni kuonyesha."

"Anaonyesha nini?"

Alimwambia. Alianza na protini, akazunguka sana, mwisho akalitaja: saratani.

Mama mdogo alimtazama sungura, hakumtazama yeye.

"Mlijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na hilo daftari unaloandika kila nikiingia?"

"Ni habari zako."

"Umeniandika nani humo?"

Matone alitamani sakafu ipasuke. Ilikuwa sakafu imara, inayosafishwa kila siku.

"Mtu wa usafi," alisema.

Mama mdogo alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Alichovya dekio kwenye ndoo, akalikamua.

"Jumatatu nitakwenda hospitali," alisema. "Inua miguu nipige deki."

Matone, aliyekuwa ameketi kwenye stuli, aliinua miguu. Mama mdogo alipiga deki chini yake vizuri, mpaka kwenye kona, na sungura akaburuzwa pamoja na kiatu bila kufumbua macho. Profesa alichungulia mlangoni akauliza leo ni dakika ngapi.

Matone, miguu ikiwa bado juu, alitazama saa ya ukutani, akamtajia.